Samaki Mla Nyama na Punje: Kumfundisha Bila Kumuua

Siku ya nne mfululizo niliangusha punje sita kwenye tangi. Oska akaja mbio mpaka juu ya maji, akaidaka ya kwanza, akaitema. Akaidaka tena, akaitema tena, safari hii kwa nguvu hadi ikagonga kioo. Kisha akarudi kwenye kona yake akajilaza ubavu, maana hawa samaki wakinuna hulala ubavu kama mgonjwa. Mwenzangu wa geto alikuwa anapiga pasi shati la kuwasilishia kazi ya kikundi. Akageuka akaniambia, "Kaka, huyo anakufa. Mletee wale wa mtaroni yaishe."

Maneno yale yaliniingia, kwa sababu nilishawahi kumuua samaki mmoja kwa jambo hilihili. Habari zake nitazieleza mbele. Ila tangu wanachuo wenzangu wajue kwamba nafuga, swali ninaloulizwa kuliko yote si bei ya tangi wala pampu ya hewa. Ni hili: "Samaki wangu anakula samaki hai tu, chakula cha dukani hataki hata kukiona. Nifanyeje?" Sasa nalijibu kwa maandishi, walau nisiendelee kulijibu kwenye foleni ya chakula.

Nitamtumia oska kama mfano kwa sababu ndiye ninayemjua vizuri, na ndiye anayepatikana kwenye maduka mengi ya samaki wa mapambo. Jina lake la kisayansi ni Astronotus ocellatus. Asili yake ni bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini, lakini ukoo wake ni ule ule wa sato na perege wetu. Huko kwao hula wadudu, konokono, jamii ya kamba wa maji baridi na visamaki. Hukua kufikia sentimeta 30 hivi, na akitunzwa anaweza kuvuka miaka kumi. Kwa hiyo ukimnunua mwaka wa kwanza wa masomo, fahamu kwamba utahitimu, utatafuta kazi, na yeye bado atakuwa anakudai chakula. (Tangi langu la lita 200 ni dogo kwake akishakuwa mkubwa. Nalijua hilo, na mpango wa kubwa zaidi upo pale pale ilipo mipango mingine ya baada ya boom.)

Kwa nini usiendelee tu kumpa samaki hai

Kwanza, magonjwa. Nilipoanza nilikuwa navua visamaki kwenye mtaro nyuma ya uzio, bure kabisa, nikijiona mjanja. Wiki ya pili oska akatokewa na vidoadoa vyeupe mwili mzima, kama amenyunyiziwa chumvi, akawa anajikuna kwenye mawe. Kile ni kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Hujichimbia chini ya ngozi ya samaki, kikishiba hudondoka, hujigawa mara nyingi chini ya tangi, na watoto wake huogelea kutafuta samaki mwingine. Kikiwa ndani ya ngozi dawa haikifikii, unakipata kinapokuwa kinaogelea tu. Ndiyo maana tiba yake haiishi kwa siku moja. Niliongeza joto la maji taratibu hadi nyuzi 30, nikatia chumvi, nikawa nabadilisha maji kila siku mbili na kufyonza uchafu wa chini. Akapona. Wale visamaki wa bure walinigharimu kuliko kopo zima la chakula.

Pili, lishe yenyewe. Wengi wakikosa visamaki vya mtaroni hununua goldfish wadogo dukani. Goldfish na ndugu zake wa jamii ya kapi, pamoja na baadhi ya samaki wa jamii ya dagaa, wana kimeng'enya kiitwacho thiaminesi ambacho huvunjavunja vitamini B1. Samaki anayelishwa hao wabichi kila siku kwa miezi anaweza kuishiwa vitamini hiyo huku tumbo limejaa. Hamu ya kula hupungua, na baadaye huanza kuyumba anapoogelea. Moto huharibu kimeng'enya hicho, lakini ukimpikia samaki wako kila siku nitakuuliza nani anakupikia wewe.

Halafu kuna moyo wa ng'ombe, desturi ya wafugaji wa zamani. Kipande kimoja mara chache hakina neno, ila mafuta ya mnyama wa damu moto huganda kwenye joto ambalo samaki anaishi, na ini la samaki halikuumbwa kwa ajili hiyo. Ukifanya ndio mlo wa kila siku, mafuta hujijenga kwenye viungo vya ndani.

Tatu ni likizo. Hakuna rafiki atakayekuvulia visamaki mtaroni wiki sita wewe ukiwa nyumbani.

Simaanishi kwamba chakula hai ni haramu. Mnyoo, au panzi aliyetoka kwenye majani yasiyopigwa dawa, ni kitamu kizuri mara moja moja. Shida ni samaki anayekubali hicho peke yake.

Anajuaje kwamba hiki ni chakula?

Hapa ndipo wengi tunapokosea, nami nilikosea. Tunasema samaki "anaringa" au "ana kiburi". Hana kiburi. Haitambui punje. Weka mtoto mchanga mbele ya sahani ya karanga, je, utasema anaringa?

Samaki mwindaji hutambua chakula kwa mambo manne. Kuna mwendo: macho hunasa kinachotikisika, na kwenye ubavu wake ana mstari wa vitundu vidogo vyenye hisi, vinavyopokea mtikisiko wa maji hata gizani. Kuna umbo na ukubwa, kitu kirefu kidogo, kinachoingia mdomoni. Kuna harufu. Na kuna mguso wa mdomoni, yaani ulaini na unyevu. Sasa itazame punje: imetulia, ni ya duara, inanuka unga, tena ni ngumu na kavu. Imefeli mitihani yote minne kwa mpigo, halafu sisi tunashangaa.

Kuna jambo moja hapa ambalo lingenisaidia sana kama ningelijua mapema. Oska, kama sato na perege, ana taya la pili kooni. La mbele linadaka, la kooni linaonja, linasaga na kuamua. Kwa hiyo samaki anayedaka punje na kuitema si sawa na asiyeitazama kabisa. Anayetema ameshafaulu mtihani wa macho, amebakiza wa mdomo. Siku ile ya nne, wakati mwenzangu anamtabiria kifo, oska alikuwa karibu kuliko nilivyodhani. Yule asiyegeuza hata jicho ndiye mwenye safari ndefu.

Njia yote, basi, imesimama kwenye jambo moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukiondoa mwendo, acha umbo, harufu na ulaini vibaki. Ukibadilisha umbo, usiguse harufu. Anayetaka kuruka kutoka kisamaki hai hadi punje kavu kwa siku moja anamtaka samaki ajifunze mambo manne usiku mmoja, kama sisi na mitihani, na matokeo yetu tunayajua.

Nilivyofanya

Nilianza upya kwa kumpa alichokijua. Nilichukua visamaki vidogo vilivyokufa, vilivyokaa kwenye friji la jirani vikiwa vimeganda, nikaviyeyusha kwenye kikombe. (Kugandisha hupunguza vimelea, ila si wote. Na maji ya kile kikombe usiyamwage, yana kazi baadaye.) Nikachukua njiti ya mshikaki, nikakata ile ncha kali, nikapachika kisamaki kwa wepesi, nikakitikisa mbele yake kwa mwendo wa kukata kata: nenda, simama, nenda. Kwa kawaida mkono wa mtu hutikisa sana, na kisamaki kilicho hai hakikimbii kama feni. Alikidaka mara ya tatu. Siku tatu sikubadilisha chochote. Saa moja jioni, kona ile ile, taa ile ile.

Siku ya nne nikaacha kutikisa. Nilikidondosha tu mbele ya maji yanayotoka kwenye chujio, yakakisukuma kidogo. Ule mteremko wenyewe ni mwendo. Mwisho akawa anaokota hata kilichotua chini.

Ndipo nikagusa umbo. Nilinunua mnofu wa sato, nikaukata vipande virefu ukubwa wa kile kisamaki, na kamba wachache niliowamenya maganda. Kamba, jamani, kamba! Harufu yake inamwamsha hata aliyenuna. Kama samaki wako amekwama kabisa, anza na kamba mbichi kabla ya kitu kingine chochote. Vyote viwe bila chumvi, na dagaa wa kukaushwa wenye chumvi uwaache kwenye sufuria yako.

Siku ya tisa nikaharibu. Nilimwona anakula mnofu kwa pupa, nikasema huyu ameiva, nikatupia punje kavu tatu katikati ya mlo. Akadaka moja, ikamgonga kooni, akatema, na kwa siku mbili zilizofuata akawa anautilia shaka hata mnofu wenyewe. Nililazimika kurudi kwenye njiti. Ukikataliwa, rudi hatua moja nyuma, usiendelee kulazimisha.

Mara ya pili nikatumia yale maji ya kikombe. Nililoweka punje humo kama dakika kumi mpaka zikawa laini na zikanuka samaki, kisha nikapasua kipande cha mnofu na kuificha punje moja ndani, kama sambusa. Katika vipande vinne, kimoja tu kilikuwa na punje. Akameza. Kesho yake viwili kati ya vinne. Nikaendelea kupunguza mnofu mpaka ukabaki kama kiganda chembamba kilichoizunguka punje. Hapo nikawa nampa punje iliyolowekwa, tupu, na nilimpa ikiwa ya kwanza kabisa, akiwa na njaa, wala si mwisho alipokwisha kushiba. Siku ya kumi na saba alichukua tatu mfululizo bila kutema. Nilipiga kelele hadi mwenzangu akadhani matokeo yametoka.

Kulowekwa nako nilikupunguza taratibu, dakika kumi, tano, moja. Leo anakula kavu. Chagua punje za samaki wala nyama, zenye protini asilimia 40 au zaidi, na ambazo kiambato cha kwanza kwenye kopo ni samaki au kamba, si ngano.

Jambo dogo linaloua wengi: chochote asichokila ndani ya dakika kumi, kitoe. Mnofu ukioza majini unatoa amonia, na amonia inaunguza mashavu ya samaki. Samaki mwenye mashavu yaliyoungua hali, nawe utadhani bado anagoma, utaongeza chakula kingine, amonia itazidi. Nimeona tangi la mtu likienda hivyo kwa wiki moja.

Kuhusu njaa

Sasa yule wa kwanza. Alikuwa oska pia, mdogo, sentimeta nne hivi. Niliambiwa na mtu aliyejiamini sana kwamba dawa ni moja: "Usimpe kitu. Njaa itamfundisha." Nikatii. Kila asubuhi naweka punje, kila jioni naziondoa. Siku ya saba bado alikuwa anakuja kwenye kioo nikipita. Siku ya tisa haji. Siku ya kumi na mbili nilimkuta amekufa nyuma ya chujio, tumbo limebonyea, kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili. Nilichokisoma kama kiburi kilikuwa ni mtoto aliyekuwa akingoja chakula anachokijua.

Njaa ina kazi yake, siikatai. Samaki aliyeshiba hajifunzi. Lakini njaa haifundishi kitu kipya, inamfanya tu awe tayari kujaribu kile ambacho tayari anakaribia kukitambua. Na kiasi chake hutegemea ukubwa. Samaki mkubwa, mnene, mwenye afya, anakaa wiki nzima bila chakula na hadhuriki, kwani porini hali kila siku. Samaki mchanga hana akiba mwilini, na mwili wake unachoma haraka kwa sababu unajenga. Kanuni yangu tangu siku ile: aliye chini ya kidole changu kwa urefu hakosi mlo zaidi ya siku mbili. Mkubwa, siku saba, na hapo nampa kile anachokubali, hata kama ni kisamaki, kisha naanza upya. Kuanza upya si aibu.

Mtazame kwa juu. Nyuma ya kichwa, pale mgongo unapoanza, pakianza kuchongoka, anakula nyama yake mwenyewe. Tumbo likiingia ndani, umechelewa kiasi. Rangi ikififia au ikiwa nyeusi isivyo kawaida, na haji kwenye kioo, acha mafunzo yote.

Na kabla hujasema anagoma, pima maji. Samaki aliyenunuliwa jana hagomi, ana hofu tu, mwachie siku tatu nne. Walio Mbeya na Iringa wanalijua tatizo lingine: oska anataka maji ya nyuzi 25 hadi 28, na maji yakipoa tumbo lake nalo hupoa. Hapo nunua hita kwanza, kopo la punje litasubiri.

Mama mmoja muuza samaki wa mapambo aliniambia neno nilipokwenda kununua huyu wa pili. Nilikuwa nimeshatoa hela. Akairudisha mezani, akasema, "Mwanangu, usimchukue samaki hujamwona akila. Ngoja nimpe." Alimpa mnyoo, akala. "Huyu ana tumbo zima. Mengine utamfundisha mwenyewe." Nilimshukuru, "Ahsante mama," lakini thamani ya neno lile niliijua baadaye. Samaki anayekula kitu chochote anafundishika. Asiyekula kitu kabisa ni mgonjwa, na huyo hamhitaji mwalimu.

Wasio oska

Kambale ni rahisi kuliko wote, kwa sababu anatafuta kwa harufu na kwa sharubu zake, macho hayana kazi kubwa. Mpe punje inayozama, usiku, taa imezimwa. Wanaosoma ufugaji wa samaki wanajua kwamba vifaranga wa kambale huanzishiwa viumbe hai vidogo sana kama Artemia, halafu huhamishiwa chakula cha unga kidogo kidogo, na ukichelewa kuwalisha au kuwatenganisha kwa ukubwa wanakulana wenyewe kwa wenyewe. Kamongo naye anakwenda kwa pua, ila usimchanganye na mtu yeyote tangini, na vidole vyako uvihesabu.

Wanaokula juu ya maji, kama arowana, wape punje zinazoelea, maana iliyozama kwao imeshapotea. Kuhe wa Ziwa Tanganyika, ambaye ni miongoni mwa wakubwa kabisa katika ukoo wa sato, namtaja ili tu nikuombe usimlete geto. Hatoshi.

Wafugaji wa Marekani wametuachia somo moja zuri kupitia bass wa mdomo mkubwa, samaki yule aliyepandikizwa Ziwa Naivasha tangu 1929 kwa ajili ya wavuvi wa burudani. Watoto wake hukuzwa kwanza bwawani kwa chakula cha asili, wakifika sentimeta nne au tano huingizwa kwenye matangi wakiwa wengi, wamebanana, na kufundishwa punje mara nyingi kwa siku. Kubanana kunasaidia: mmoja akidaka, wa pembeni anadaka kwa kuogopa kuachwa. Nyumbani unaweza kuiga kwa kumweka na samaki wa ukubwa wake anayekula punje tayari. Ukubwa wake, nasisitiza. Akiwa mdogo kuliko yeye, umemletea chakula hai kwa mlango wa nyuma.

Akishakubali, usimlishe kwa furaha yako. Oska mkubwa anatosheka na kulishwa mara tatu kwa wiki, mdogo kila siku kidogo kidogo. Wanaomba, wanakufuata kwenye kioo, wanatingisha mkia kama mbwa. Wanaigiza.

Likizo iliyopita nilipima punje kwenye vikaratasi, kimoja kwa kila siku ya kula, nikaandika Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, nikamwachia mwenzangu aliyebaki kumalizia mafunzo kwa vitendo. Wiki ya pili akanitumia ujumbe: "Kaka, kala zote. Ila za Jumatano nilisahau, nikampa Alhamisi. Alininunia mpaka saa nne."